Mnyauko wa nyanya: Dawa haipo dukani, ipo ndani ya mche

ASUBUHI mche wa nyanya umesimama vizuri, majani ni ya kijani na matunda ya kwanza yameanza kutunga. Saa sita mchana majani ya juu yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jioni yanainuka kidogo na mwenye bustani anapumua, akidhani lilikuwa jua la Dodoma tu. Siku ya tatu au ya nne mche hauinuki tena. Umekauka ukiwa bado wa kijani, bila hata kugeuka njano.

Hapo ndipo safari ya kwenda duka la pembejeo inapoanza. Muuzaji, kwa nia njema au kwa kutaka kupunguza mzigo uliopo rafuni, hutoa dawa ya ukungu. Mkulima hupulizia mara mbili, mara tatu. Miche inaendelea kufa mmoja baada ya mwingine kufuata mfereji wa maji, na mara nyingi pesa iliyonunua dawa hiyo ni ya mkopo wa kikundi ambao marejesho yake hayasubiri nyanya ziive.

Wenye bustani za kumwagilia kuzunguka Jiji la Dodoma wana kila sababu ya kulijua jambo hili vizuri. Katika kata kama Chang'ombe (ya Dodoma, siyo ile ya Temeke, Dar es Salaam) nyanya ni bidhaa ya kila siku. Inauzwa kwa fungu kwenye genge, kwa sado sokoni na kwa tenga kwa wanaonunua jumla. Walaji wanaongezeka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Sehemu ya nyanya hizo husafirishwa kutoka maeneo ya mbali kama Ilula mkoani Iringa. Anayelima karibu na mlaji anaokoa nauli, mradi mazao yake yafike sokoni.

Mnyauko huo unaletwa na bakteria aitwaye kitaalamu Ralstonia solanacearum. Mtaalamu wa Marekani, Erwin Smith, alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1896. Huyu si ukungu, na dawa ya ukungu haimgusi. Hata mrututu, ambao kweli huua bakteria, unabaki juu ya jani pale ulipopuliziwa. Unasaidia kwa magonjwa ya madoa ya majani na matunda, lakini bakteria wa mnyauko anaishi ndani ya mirija inayopandisha maji kutoka kwenye mizizi, na hakuna pampu ya mgongoni inayofika huko. Mche ukishanyauka kwa ugonjwa huu, hakuna cha kununua kitakachouponya.

Kinachoweza kupambana na bakteria ndani ya mmea ni mmea wenyewe. Mkulima anayeelewa mmea unavyojilinda hujua pesa yake iende wapi, na hasa iende lini.

Mlinzi mlangoni, mlinzi chumbani

Mmea hauna damu wala chembe nyeupe zinazozunguka kumsaka adui. Kila seli inajilinda yenyewe na kuwapigia mbiu majirani. Ulinzi wa kwanza ni wa ukuta tu: ngozi ya jani ina nta inayoteleza, na bakteria hawezi kuitoboa. Inabidi atafute jeraha, au aingie kwa vitundu vidogo ambavyo jani linapumulia.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa vitundu hivyo ni kama dirisha lisilo na mlinzi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walionyesha kwamba jani linapowahisi bakteria juu yake hufunga vitundu vyake ndani ya saa chache. Walionyesha pia kwamba baadhi ya bakteria hutoa kemikali ya kuvifungua tena. Mwizi ana funguo bandia.

Mmea unamhisije bakteria? Bakteria wengi wana mkia wa kuogelea, na protini ya mkia huo ina kipande ambacho karibu wote wanafanana. Juu ya seli za mmea kuna vipokezi vinavyokigundua kipande hicho. Kikishagunduliwa, seli huongeza unene wa kuta zake, humwaga kemikali kali na kupeleka taarifa kwa seli za jirani. Hii ndiyo kinga ya jumla, na ndiyo sababu maelfu ya aina za bakteria walio kwenye udongo na samadi hawaiumizi nyanya hata kidogo.

Wachache wanaosababisha magonjwa wamejifunza kuipita. Wana kitu mfano wa sindano ambacho huchoma seli na kuingiza protini zao ndani ili kuzima mbiu. Nayo mimea ikaongeza mlinzi wa pili, wa ndani ya seli, anayezitambua protini hizo zilizoingizwa. Akizitambua, seli zilizoshambuliwa hujiua zenyewe na kumwacha bakteria katikati ya kidoa kikavu kisicho na chakula, kama wanakijiji wanaofyeka nyasi ili moto wa porini usivuke.

Mlinzi huyo wa ndani hurithiwa kwa vinasaba, na hapa ndipo mbegu inapoingia kwenye hesabu. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikitenga kinasaba kiitwacho Pto, kinachoilinda nyanya dhidi ya bakteria wa madoa madogo meusi. Kilitoka kwa nyanya mwitu ya Amerika Kusini yenye matunda madogo kama njegere, ambayo hakuna mtu angeipeleka sokoni. Mpunga nao ulipata kinasaba Xa21 dhidi ya ugonjwa wa bakteria wa majani, chanzo chake kikiwa mpunga mwitu wa Afrika uliokusanywa Mali. Magugu ambayo mkulima anayang'oa kwa hasira wakati mwingine ndiyo ghala la kinga.

Kwa nini nyanya inashindwa na mnyauko

Bakteria wa mnyauko hapitii majani. Anasubiri kwenye udongo, anakoweza kuishi miaka kadhaa, na anaingia kwa mizizi: mahali mzizi mdogo unapochomoza, palipokatwa na jembe wakati wa kupalilia, au palipotobolewa na minyoo fundo. Kile kipande cha mkia kinachowaumbua bakteria wengine, yeye amekibadilisha, na vipokezi vya nyanya havikitambui. Akifika kwenye mirija ya maji anazaliana kwa wingi na kutoa ute mzito unaoiziba. Mche unakufa kwa kiu ukiwa umesimama kwenye udongo uliolowa.

Zipo nyanya zinazomhimili. Iliyofanyiwa utafiti zaidi duniani inaitwa Hawaii 7996. Haimuui bakteria, mara nyingi anapatikana ndani ya mizizi yake. Inachofanya ni kumbana katika mirija michache, asisambae kuelekea kwenye shina, na mche unaendelea kuzaa. Kinga ya namna hii haitegemei kinasaba kimoja bali kadhaa vinavyosaidiana, ndiyo maana si rahisi kuihamishia kwenye nyanya yenye tunda kubwa, gumu na linalovumilia safari ya lori. Mfanyabiashara anataka ganda gumu, mlaji anataka rangi, na mzalishaji wa mbegu akivifuata hivyo viwili mara nyingi kinga inabaki nyuma.

Kinga ina gharama kwa mmea wenyewe pia. Mimea ya majaribio ambayo ulinzi wake umewashwa muda wote hudumaa, kwa sababu chakula ambacho kingejenga majani na matunda kimeishia kwenye ulinzi. Mmea wa kawaida huwasha kinga pale tu inapohitajika.

Jambo hilo linagusa moja kwa moja kalenda ya Dodoma. Moja ya kemikali zinazoendesha kinga ya mmea ni asidi ya salisiliki, ndugu wa karibu wa aspirini. Mwaka 1979 mtafiti wa Uingereza, R. F. White, alionyesha kwamba tumbaku iliyodungwa aspirini ilipata madoa machache zaidi ya ugonjwa wa virusi. (Hiyo si ruhusa ya kuyeyusha vidonge kwenye ndoo ya kumwagilia.) Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba joto likizidi nyuzi 28 hivi, uwezo wa mimea kadhaa kutengeneza kemikali hiyo unashuka. Bakteria wa mnyauko, kwa upande wake, hupenda udongo wa joto, na hata nyanya zinazosifika kwa kinga huweza kuzidiwa udongo ukichemka.

Nyanya inayokomaa Oktoba na Novemba, wakati mchana wa Dodoma unafika nyuzi 30 na zaidi, inapigana na adui aliyepata nguvu huku silaha zake zimelegea. Ile inayokua Juni na Julai, usiku ukishuka hadi nyuzi 14 hivi, ina nafasi nzuri zaidi. Bei ya nyanya ikipanda wakati wa joto humvutia mkulima, lakini bei hiyo inalipwa kwa nyanya zilizofika sokoni, siyo kwa miche iliyopandwa.

Glasi moja ya maji

Si kila mche unaokauka umeuawa na bakteria. Dodoma kuna mchwa, kuna minyoo fundo, na kuna mnyauko mwingine unaoletwa na ukungu wa udongoni ambao huanza kwa kugeuza majani ya chini kuwa njano. Kabla ya kutumia hata shilingi, mkulima anaweza kukata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole hivi, na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, sehemu iliyokatwa ikiwa imezama. Aiache itulie. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitaonekana zikishuka kutoka kwenye shina. Huo ndio ule ute.

Nyuzi zikionekana, mche ung'olewe na mizizi yake na udongo ulioishika, upelekwe kuchomwa au kufukiwa mbali na bustani. Maji yasipitishwe hapo kwenda kwenye miche mizima. Jembe lioshwe. Miche inayokufa kwa mstari kufuata mfereji kwa kawaida inaonyesha njia ya maji, na anayemwagilia kwa ndoo au kwa mabomba ya matone ana unafuu kuliko anayefungulia maji yapite kutoka tuta hadi tuta.

Hesabu kwa kilo

Bei ya nyanya hubadilika kila wiki, kwa hiyo ni salama zaidi kupiga hesabu kwa kilo. Tuchukue mfano wa bustani ya miche 400, kila mche ukitoa kilo 2. Mavuno ni kilo 800. Tuseme gharama zote, kuanzia mbegu, samadi, mbolea, dawa, maji na kibarua, zinalingana na thamani ya kilo 500. Faida ni kilo 300.

Mnyauko ukiua miche 3 katika kila 10, zinapotea kilo 240. Gharama hazipungui, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kujitokeza matunda yakianza, wakati karibu kila kitu kimeshalipiwa. Faida inabaki kilo 60. Aliyepoteza theluthi pungufu ya mazao amepoteza sehemu nne kwa tano za faida, na hapo hajanunua bado ile dawa ya ukungu isiyosaidia.

Sasa tuseme mbegu inayostahimili mnyauko inaongeza gharama yenye thamani ya kilo 20. Inajilipa ikiokoa miche 10 tu kati ya 400. Kwenye shamba ambalo halijawahi kuwa na mnyauko, nyongeza hiyo inaweza kuwa hasara tupu. Kwenye shamba lililokwisha kuuona, ni vigumu kupata matumizi mengine ya pesa hiyo hiyo yanayolipa zaidi.

Tatizo ni kujua kilichomo ndani ya pakiti. Kampuni nyingi za mbegu huandika kinga kwa vifupisho. Kifupisho cha bakteria wa mnyauko ni Rs, na baadhi bado huandika BW. Herufi HR zinamaanisha kinga ya juu na IR kinga ya kati. Pakiti yenye Fol ina kinga dhidi ya mnyauko wa ukungu, ambayo haina msaada kwa ule wa bakteria, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Neno "inavumilia magonjwa" bila kutaja ugonjwa gani halina thamani ya kulipiwa. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, inahusu ubora wa mbegu na haitoshi kuwa ushahidi wa kinga dhidi ya ugonjwa fulani. Vyote viwili vitazamwe.

Maganda ya chipsi

Chanzo kimoja cha ugonjwa hakitajwi mara nyingi mjini. Bakteria huyu huyu hushambulia viazi mviringo, na husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Muuza chipsi anayemenya viazi kila siku ana nafasi ya kukiona: kiazi kikikatwa kuna pete ya kahawia kuzunguka nyama yake, na kikiminywa hutoka ute mweupe kwenye pete hiyo. Kiazi hicho hakimdhuru mtu. Lakini maganda yake yakitupwa kwenye jalala la nyuma ya nyumba ambalo baadaye linakuwa mbolea ya bustani, au maji ya kuoshea viazi yakimwagwa kwenye matuta, ugonjwa umehama kutoka shamba la mbali hadi Chang'ombe bila mtu kujua. Maganda hayo yafukiwe mahali pasipolimwa mboga, au yachemshwe kabla ya kulishwa mifugo.

Pia kuna suala la kubadilisha mazao. Bilinganya, ngogwe, pilipili, mnavu na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, na kuvipanda baada yake ni kumlisha bakteria. Karanga nazo, japo si za ukoo huo, zinaweza kushambuliwa. Mahindi, mtama na vitunguu vinafaa. Anayelima robo ya robo ya ekari atasema hana nafasi ya kulima mtama mjini, na ana haki. Huyo afikirie mchicha. Unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupanda, wakati nyanya inakaa miezi mitatu hadi minne kabla eneo halijaachwa wazi. Akigawa mapato ya kila zao kwa idadi ya siku lililokalia ardhi, huenda akashangaa kuona pengo ni dogo kuliko alivyodhani. Na miezi ya jua kali, tuta lililomwagiliwa na kufunikwa kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita huchemka kiasi cha kupunguza bakteria na minyoo fundo tabaka la juu. Jua Dodoma halinunuliwi.

Kubebesha nyanya kwenye bilinganya

Njia nyingine inamwacha mlaji na tunda analolipenda na kumpa mkulima mizizi inayopigana. Ni kubebesha: kikonyo cha nyanya ya sokoni hukatwa kwa mshazari na kuunganishwa na shina changa la bilinganya au nyanya yenye kinga, vikabanwa kwa kibano kidogo na kuwekwa kivulini penye unyevu kwa wiki moja hivi mpaka vishikane. Kituo cha Mboga Duniani, chenye ofisi mkoani Arusha, kimekuwa kikipendekeza baadhi ya bilinganya na Hawaii 7996 kama mashina ya chini. Katika mkoa wa Lam Dong, Vietnam, wakulima hununua miche iliyobebeshwa kutoka kwa wenye vitalu, na wenye vitalu wanaishi kwa kazi hiyo.

Gharama ni kubwa zaidi: mbegu mbili kwa mche mmoja, kazi ya mikono, na miche kadhaa itakayokufa kabla ya kushika. Kwa mkulima mmoja mwenye miche 400 ni usumbufu. Kwa kijana mwenye kitalu kimoja kinachohudumia bustani 20 inaweza kuwa biashara, hasa Dodoma ambako kazi ya kubebesha si ngeni kwa wenye miembe.

Migomba haina bahati hiyo. Mnyauko wa bakteria wa migomba, unaoitwa unyanjano mkoani Kagera, uligundulika Tanzania mwaka 2006 baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, na migomba inayolimwa karibu yote haina kinga ya kutosha. Wakulima wameuzuia kwa kung'oa, kusafisha mapanga na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda. Uganda, watafiti wamekuwa wakijaribu shambani huko Kawanda tangu mwaka 2010 migomba iliyopewa vinasaba vya pilipili hoho. Mwenye nyanya anaweza kununua kinga leo katika pakiti.

Kwa nyanya za kipupwe kitalu husiwa Aprili, mvua zikielekea ukingoni, na miche huhamishwa baada ya wiki nne hivi. Uamuzi kuhusu Rs au Fol, tuta la mwaka jana au jipya, hufanywa wiki hiyo ya kununua mbegu. Ifikapo Julai, mche wa kwanza ukilegea saa sita mchana, kilichobaki ni glasi ya maji na jembe la kung'olea.